Siku za Moshi za Zuleika

Mimi nikimwona mtu mzima anapekua takataka za mwenzake, simwulizi amepoteza nini. Nasimama nyuma ya pazia langu nikaangalia mpaka mwisho. Ndivyo nilivyomwona Hajati Kaltumi asubuhi ile, gauni kalipandisha magotini, anachokoa kwa kijiti ndani ya ndoo ya taka ya mkaza mwanawe, Zuleika. Alikuwa anatafuta vidonge. Nilijua ni vidonge kwa sababu alipopata kikaratasi kinachong'aa alikipeleka juani, akakigeuza huku na huku, akaona ni cha peremende, akasonya.

Mimi naitwa Lanyero. Hapa Nateete wengi wananiita Afande, ingawa upolisi nilishastaafu, na wengine wananiita Mama Obita. Ni Mwacholi, baba yangu alikuwa askari na marehemu mume wangu alikuwa askari, nimekulia kambini, na Kiswahili ndicho nilichoanza nacho kusali na kutukana. Kazi ilinifundisha kwamba kila mtu anaficha kitu. Usiniambie fulani ni mtu mzuri. Mzuri kwa nani, na saa ngapi?

Uwanja wetu ni wa Hajati. Nyumba kubwa ya mbele ni yake, vyumba viwili vya ubavuni ni vya mwanawe Abdul-Latif na mkewe Zuleika, na mimi ni mpangaji wa chumba cha nyuma, kinachotazama milango yote miwili. Sikukichagua kwa sababu hiyo, lakini sikujuta.

Zuleika aliletwa pale kutoka Bombo akiwa bibi harusi mwembamba, hajui kunyamaza. Wao ni Wanubi, wajukuu wa wale askari walioletwa na Wazungu kutoka Sudani zamani, na wanawake wao wana kazi yao ya mkono: sinia za ukili zenye rangi kali, za kufunikia chakula, wanaziita tabaga. Zuleika alizifuma mlangoni kwake kutwa nzima huku akigombana na redio. Mhubiri akisema mwanamke anyenyekee, yeye anamjibu. Mtangazaji akisema mvua itanyesha, anamwambia aje aanue nguo basi. Akianza kisa cha kuchekesha, anacheka yeye kwanza mpaka hakimalizi. Nilimpenda, nasema wazi, na mimi si mtu wa kupenda ovyo.

Mtoto hakuja. Mwaka wa kwanza watu waliuliza kwa kucheka. Wa pili waliuliza bila kucheka. Wa tatu waliacha kumwuliza yeye, wakaanza kuulizana wenyewe. Mwaka wa nne redio yake ilikuwa inazungumza peke yake.

Halafu kulikuwa na yale maumivu. Kila mwezi, katikati, wala si siku za damu, tumbo lilimkamata chini ya kitovu, upande mmoja. Anashika nyonga, anakunja uso, ukili unamdondoka. "Afande," aliniambia siku moja, "mwezi uliopita lilikuwa huku, leo limehamia huku. Ugonjwa gani unahama?"

Mimi nilikuwa na jibu langu. "Ugonjwa hauhami, mwanangu. Mtu anakuhamisha."

Aliangalia mlango wa mkwewe, na mimi nikauangalia. Hatukutaja jina.

Sasa sikieni jinsi nyumba ile ilivyokuwa. Kila Zuleika akianza kujisikia vibaya, Hajati alikuwa anamchukua kwake. Chumbani mwake kulikuwa na shimo dogo sakafuni na chungu ndani yake. Anaweka makaa, juu ya makaa anaweka vipande vya mti wenye harufu, na Zuleika anakaa juu ya ule moshi amevikwa blanketi zito hadi shingoni, anatoka jasho kama mtu wa malaria. Wanaita duhani. Nimewauliza Wanubi wengine, wakaniambia duhani wanayoijua wao ni ya kumpendezesha mke kwa mumewe. Hii ya Hajati ilikuwa nyingine, ya tumbo, aliirithi kwa mama mkwe wake. Na ilikuwa na sharti lake: mwili uliofunguliwa na moshi usiguswe na mwanamume mpaka upoe kabisa, la sivyo baridi itaingia kizazini. Kwa hiyo Zuleika analala kwa Hajati, moshi unarudiwa, anapewa chai chungu asubuhi na jioni, mpaka maumivu yaishe na siku kadhaa za kupoa zipite. Ndipo anarudishwa kwa mumewe, ananukia kama msikiti siku ya Ijumaa.

Mwanamke anayekufungia chumbani kila mwezi, anakunywesha kitu usichokijua, halafu hupati mtoto. Jamani! Hata kuruta wa wiki ya kwanza angefungua jalada.

Shida ni kwamba kila mtu katika uwanja ule alikuwa na jalada lake, na wote walileta kwangu. Kibaraza changu kiligeuka kaunta ya kituo. Hajati alikuja na kikombe chake cha kahawa, akakaa, akashusha sauti. "Mama Obita, wewe umeona mengi. Huyu msichana kama hamezi vidonge, basi anachoma sindano ya kuzuia mimba. Wallahi. Hayo maumivu ni sindano inamrudi. Mimi nafukiza, yeye anachoma. Nafukiza, anachoma. Nitashinda vipi?"

"Umeiona sindano, Hajati?"

"Hawa wa siku hizi utawaona?"

Akaondoka, akaja Abdul-Latif. Huyu anauza matairi karibu na steji ya taksi, mtu mpole, mikono myeusi, haangalii mtu usoni akizungumza. "Afande, nikuulize neno la aibu. Mke wangu ananikimbia. Zile siku ambazo namwona amechangamka, anapendeza, mwenyewe anataka tuzungumze, ghafla anasema tumbo, huyo, kwa mama. Akirudi amechoka. Kuna mtu mwingine?"

"Kwa mama yako ndiko atamwekea mtu mwingine?" nilimuuliza. Akainuka, lakini shaka haikumtoka. Niliiona inakwenda naye mpaka getini.

Mambo yalipofika pabaya ni pale Hajati aliposema waziwazi, wakati wa kula, kwamba Idi ikipita watakwenda Bombo kwa Uthman, binamu yake, kumposea Abdul-Latif bintiye anayeitwa Shamim. Mke wa pili. Dini inaruhusu, mwanaume ana kazi, ukoo hauna mtoto, nani atasema hapana? Abdul-Latif hakusema ndiyo, ila hapana pia hakuisema. Zuleika aliinuka na sahani yake akaja kukaa kwangu. Hakula.

"Simkatazi Mungu alichoruhusu," alisema. "Lakini mimi sitakaa hapa nifume tabaga za harusi ya mume wangu. Akija Shamim, mimi narudi Bombo. Nampenda Latif, Afande. Nampenda mpaka najichukia."

Nilikasirika hadi mikono ikaniwasha. Nikamwambia, "Kesho niletee ile chai."

Aliileta, kaimimina kwenye chupa ya soda. Nikaifunga kwa mfuko wa plastiki, nikaweka mkobani kama kielelezo cha mahakama, tukapanda boda mpaka upande wa Mengo. Kuna kliniki ndogo ya akina mama huko, na mkunga wake, Sista Akidi, tulikaa naye kambini zamani. Nilimwekea chupa mezani kabla hata ya salamu.

"Nipimie hii sumu."

Akaifungua, akanusa, akaonja. Akaonja, banange! Nilitaka kumpiga mkono.

"Afande, hii ni uwatu na tangawizi. Imekosa sukari tu."

"Una hakika?"

"Mama yangu ananywa kila siku. Sasa wewe toka nje nizungumze na mgonjwa."

Zuleika alisema nibaki. Basi nikakaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani, na chupa yangu ya aibu.

Sista alimpima, akamfanyia skani, akamuuliza kuhusu homa, kutapika, damu isiyo ya wakati, maumivu wakati wa kukutana na mume. Hakuna. "Kama ungekuwa na hayo tungekuwa na mazungumzo mengine," alisema. "Maumivu makali yasiyokwisha, au ya homa, mtu asikae nayo nyumbani. Lakini haya yako, niambie, yanakuja lini?"

"Katikati. Kama wiki mbili kabla ya kuona siku zangu."

"Upande mmoja?"

"Mmoja. Mara huku, mara huku."

"Na kabla hayajaja, kuna dalili?"

Zuleika alinitazama, akaona haya, halafu akasema. "Nakuwa na ute. Unateleza, unavutika, kama ute wa yai bichi. Mama anasema hiyo ndiyo baridi yenyewe inaingia. Alinifundisha nikiuona tu nimwambie siku hiyo hiyo, ili moshi uwahi kabla ya maumivu."

Sista Akidi aliweka kalamu chini. "Halafu?"

"Halafu nalala kwake. Mpaka maumivu yaishe. Na siku za kupoa."

"Na mume?"

"Mume ananisubiri."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi. Hata mmoja hajauruka. Ananijali sana."

Niliona uso wa Sista unabadilika, nikajua sasa ndiyo inakuja. Akavuta kiti karibu. Akamweleza kwamba mwanamke ana vifuko viwili vya mayai, kulia na kushoto, na kwa kawaida kila mwezi kimoja kinakomaza yai na kuliachia. Wanawake wengine hawasikii kitu yai likitoka. Wengine wanasikia, upande ule ule linapotokea, saa chache au siku moja mbili. Si ugonjwa, si sindano, si mtu. "Na huo ute," alisema, "si baridi. Ni mwili unatengeneza njia. Mbegu za mwanaume zinaweza kuishi humo siku tatu, hata tano, zikingoja yai. Lakini yai lenyewe likishatoka haliishi hata siku mbili. Kwa hiyo siku za kupata mimba ni hizo hizo: za ute, mpaka siku yai linapotoka. Ukirudi kwa mumeo maumivu yameisha na umepoa, mnakutana mlango umeshafungwa."

Zuleika akacheka, kile kicheko chake cha kuanza kabla ya kisa, na katikati kikamgeukia kilio. Alilia kwa hasira, anapiga paja lake. "Miaka minne! Miaka minne nakwenda mwenyewe kwa miguu yangu!"

"Sikuahidi mtoto," Sista alimwambia. "Hata wenye kupatia siku hawapati kila mwezi, na maumivu hayo si saa ya ukutani, yanaweza kukudanganya. Kutaneni kila siku mbili kuanzia ute unapoonekana. Miezi sita ikipita bure, rudi, na umlete mumeo naye apimwe. Wanaume nao wana miili."

Njiani nilikuwa tayari nimeshamaliza kesi. Nia ipo: Shamim ni binti wa binamu yake, damu yake mwenyewe, ndiye anayemtaka tangu mwanzo. Nafasi ipo: chumba chake. Silaha ipo: sharti la kulala mbali na mume, na siku zenyewe anazijua hata kabla ya mwenye mwili. Ungetaka ushahidi gani zaidi? Zuleika alisema kitu kimoja tu tukishuka kwenye boda. "Amenifanyia makusudi." Na mimi nikamwambia ndiyo, makusudi kabisa.

Hatukumwambia mtu. Tulingoja. Zuleika alifuma, mimi nikakaa barazani nikimtazama Hajati anavyopita na birika lake, anavyouliza "Umeamkaje, mwanangu?" kwa sauti ya asali, na kila neno lake nililiona lina mfuko wa siri. Hata akanipa mkate wa ngano siku moja. Mkate huo nilimpa kuku.

Kuku hakufa.

Siku ya ute ilifika mchana wa Ijumaa. Zuleika hakumwambia, lakini Hajati alikuwa na hesabu zake kichwani, akawasha makaa mwenyewe, akaita. Zuleika alikwenda akasimama mlangoni, mimi nyuma yake. Abdul-Latif alikuwa ametoka kuswali, bado ana kanzu. Moshi ulikuwa umeshaanza.

"Ingia, mlango unatoa joto."

"Siingii, Mama."

Hajati aliinua kichwa. Kwanza alinitazama mimi, halafu mwanawe. "Umeona? Leo anakataa. Nilikwambia kuna kitu anaficha. Muulize alikwenda Mengo kufanya nini na Afande. Watu wamewaona!"

"Zuleika?" Abdul-Latif alisema. "Mengo?"

Ndipo msichana akalipuka. Alisema yote, mbele ya mumewe, bila haya: ute, yai, upande wa kulia, upande wa kushoto, siku zipi na kwa nini. Hakuacha neno. "Kila mwezi, siku ambayo ningeweza kushika mimba, ulikuwa unanitoa kitandani kwa mwanao. Hata siku moja yenye faida haikukupita! Uliijua! Uliijua kuliko mimi! Sasa Shamim akija, yeye utamfukiza? Au Shamim utamwacha?"

Hajati alicheka. "Mkunga amelishwa maneno."

"Hakulishwa," nilisema. "Nilikuwepo. Na mimi nina swali, Hajati. Ulitaka nini?"

Alifungua kinywa kunijibu, na nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, nimeshasikia wa kila aina. Badala yake macho yalikwenda kwenye chungu, yakabaki huko. Abdul-Latif alisogea karibu na mkewe, kidogo tu. Ndipo Hajati akauliza, na sauti haikuwa ile ya asali wala ile ya ukali.

"Ule ute. Unasema ndizo siku zenyewe?"

"Ndizo, Mama."

"Na ukiisha, basi?"

"Basi. Mpaka mwezi mwingine."

Akakaa kitandani. Blanketi la duhani lilikuwa mikononi mwake, akawa analikunja, analikunjua. "Na mimi nilikuwa nayasikia maumivu hayo," alisema. "Upande huu, upande huu. Mama mkwe wangu alinichukua kama nilivyokuchukua wewe. Miaka sita. Alinifukiza kwa mikono yake, ananilisha, ananifuta jasho, analia na mimi. Hakuna mtu alinipenda kama yule mama. Halafu kaka yake akafa Arua, akaenda matangani, mwezi mmoja nikakosa mtu wa kunifukiza. Mwezi ule nikashika mimba ya Latif."

Akalilaza blanketi mapajani.

"Tukasema ni moshi. Sisi sote, hata mimi. Tukasema moshi wa miaka sita umejaa mwilini, sasa umefanya kazi. Aliporudi akaendelea kunifukiza ili nipate wa pili. Hakuja wa pili." Alimwangalia Zuleika. "Nilikufukiza ili upate, mwanangu. Sikujua kitu kingine cha kukupa."

Niseme ukweli, nilimtafuta uongo usoni. Nilitafuta kwa bidii, kama nilivyofundishwa, mdomo, macho, vidole. Sikuuona. Nilichokiona ni mwanamke mzee anayehesabu miezi yake, mmoja mmoja, nyuma kabisa kule ambako hakuna wa kuirudisha.

Zuleika alikuwa amekuja kugombana na adui, na adui alikuwa hayupo. Alibaki amesimama, mikono haijui iende wapi. "Na Bombo?" aliuliza polepole.

"Bombo hatuendi. Uthman nitampigia mimi." Hajati aliinuka, akamsukuma Zuleika kidogo, kwa ncha ya vidole. "Nenda kwa mumeo. Mtoto akija, akikataa, hilo ni la Mungu. Lakini hizi siku ni zako, nenda. Latif, mchukue mkeo."

Wakaenda. Nilisikia mlango wao ukifungwa, na redio haikufunguliwa. Mpaka leo ninapowaambia haya, mimba haijaonekana, na nikimwona Zuleika akishika nyonga, siulizi kitu, naangalia pembeni.

Mimi na Hajati tukabaki na ule moshi. Nilitafuta neno la kumpa. Pole? Pole ya nini, ya mtu gani? Nikasema mwenye kosa ni nani basi, kama nasema na ukuta.

"Hakuna," alisema. Akafuta macho kwa pembe ya blanketi. "Baba yake Latif alikuwa mtu mwema, alinivumilia sana. Alipoona mtoto ni mmoja tu akaoa. Harusi ile nilipika mimi. Nililetewa mke mwenza, Mama Obita, na mtu aliyenikumbatia usiku ule nikilia alikuwa mama mkwe wangu."